Tazama mkia, usitazame pembe

Dirisha la upande wa mjomba lilikuwa wazi kiasi cha viganja viwili, na fahali wa baisani, yule nyati wa Marekani, alikuwa amesimama hapo hapo, karibu hata nikawasikia nzi waliokuwa wakimzunguka. Nikapeleka mkono kwenye kitufe ili nilipandishe. Mjomba akanishika mkono bila kugeuza shingo.

"Acha. Mtu akikupitia mlangoni usiku, unapiga kelele?"

Tukakaa kimya. Manyoya ya kichwa cha fahali yalikuwa meusi, yamegandamana kwa tope kavu na vijiti vya nyasi. Jicho lilikuwa la kahawia, dogo kwa kichwa kile, limezama ndani ya manyoya kama tundu la maji chini ya majani. Alipopumua, kioo kiliingia ukungu, kikakauka, kikaingia ukungu tena. Harufu ilikuwa ya mkojo, vumbi na ng'ombe. Kisha akasogea, polepole, bega lake likakikumba kioo cha pembeni kikajikunja kwa mlio wa "ka!", wala yeye hakuonekana kujua kwamba amegusa kitu. Gari lilitikisika.

Alipokwisha kupita mjomba akaniuliza, "Umeuona mkia?"

Sikuuona. Nilikuwa natazama pembe.

"Pembe hazisemi kitu, ziko pale siku zote. Mkia ndio unaosema. Huu ulikuwa umelegea, unafukuza nzi. Ungesimama, leo tungeongea mengine."

Nimeishi Sioux Falls, jimbo la South Dakota, miaka minane sasa, na kazi yangu ni kuendesha lori. Baisani, au nyati wa Marekani kama wengi wetu tunavyomwita, nimemwona mara nyingi kwa mbali, madoa meusi kwenye majani, huku nikiwahi mzigo. Kumtazama hasa, nimefundishwa na mzee ambaye alikuwa hajawahi kumwona mpaka Agosti ile alipokuja kunitembelea. Mjomba wangu anatoka Meatu, mkoani Simiyu. Amechunga tangu akiwa na miaka sita, kwenye malisho yanayopakana na pori la Maswa, mahali ambapo ng'ombe na mbogo hunywa maji ya mto mmoja. Ujanani aliwahi kulala usiku kucha juu ya mgunga, mbogo akimngoja chini. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpeleka kwenye maduka makubwa ukadhani umemtembeza Marekani. Nikaomba siku nne kazini, tukapanda gari kuelekea magharibi, zaidi ya kilomita 550 hadi Rapid City, tukavuka mto Missouri pale Chamberlain, kisha tukapinda kusini kuingia kwenye milima ya Black Hills, kwenye hifadhi ya jimbo iitwayo Custer. Ndani yake kuna barabara ya kilomita 29 inayozunguka malisho, na baisani zaidi ya elfu moja wanaovuka wanapotaka wao.

Jambo la kwanza alilosema mjomba ni kwamba huyu si mbogo. Wamarekani wenyewe wamemwita buffalo, yaani mbogo, kwa mamia ya miaka, na jina limekwishaota mizizi, lakini mzee hakukubali. "Mbogo pembe zake zimekutana kwenye paji la uso kama kofia ya chuma. Huyu pembe zake zimesimama kila moja kwake, kama za ng'ombe. Na mbogo gani ana ndevu? Na hii nundu?" Wataalamu wako upande wake. Baisani yuko karibu na ng'ombe kuliko alivyo karibu na mbogo wetu, kiasi kwamba wafugaji waliwahi kuwapandisha wakazaa, na makundi mengi ya leo bado yamebeba damu kidogo ya ng'ombe.

Nundu ndiyo iliyomshughulisha zaidi. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu, na kila aliyekulia kijijini anajua kwamba mwaka wa neema husimama na mwaka wa kiangazi kikali hulegea ikaangukia upande. Nundu ya baisani hailegei. Ndani yake kuna mifupa mirefu inayochomoza juu kutoka kwenye uti wa mgongo, na juu ya mifupa hiyo zimefungwa nyama nene zinazoshikilia kichwa. Kazi yake hasa huonekana wakati wa baridi. Theluji ikifika kifuani, baisani huingiza uso ndani yake akayumbisha kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka anachimba shimo na kufikia nyasi zilizokauka chini. Hufanya hivyo kutwa, miezi kadhaa, kwa kichwa kizito ambacho mimi nisingeweza kukibeba hatua kumi. Nilipomweleza mjomba, alinyamaza kidogo akitazama mabega ya dume lililokuwa likila karibu na barabara, halafu akasema, "Kumbe amebeba jembe lake."

Ukimwangalia kwa jicho hilo unaelewa umbo lake lote. Nguvu imewekwa mbele. Kifua, mabega, shingo na kichwa ni vya mnyama mkubwa mno, nyonga ni nyembamba kama za mnyama mwingine. Dume aliyekomaa anaweza kufikia kilo 900 na urefu wa karibu mita 1.8 begani, jike ni kama nusu ya uzito huo. Hakuna mnyama wa nchi kavu aliye mzito kumzidi katika bara lote la Amerika Kaskazini. Na hapo ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu uzito ule wanauhesabu kuwa uzembe. Wanamwona amelala anacheua, amefumba macho nusu, wanasema huyu ni gogo. Baisani hukimbia kilomita 55 kwa saa. Usain Bolt, siku ile ya Berlin mwaka 2009 alipoweka rekodi ya mita 100, kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kama 44. Tena baisani hageuki kama lori langu linalohitaji uwanja mzima. Huzunguka papo hapo kwa miguu ya mbele, huruka uzio, na mto akiukuta huogelea.

Tulikuwa tumefika katikati ya majira yao ya kupandana, Julai hadi Agosti. Miezi mingine madume makubwa hukaa peke yao au wawili watatu, kundi likiongozwa na majike wakubwa. Majira hayo yakifika madume huingia kundini, na kila mmoja akipata jike lililo tayari hulifuata ubavuni kama kivuli, akimzuia yeyote asikaribie. Sauti yao sijui niilinganishe na nini. Si mlio wa fahali wa ng'ombe. Ni mngurumo mzito, wa chini, unaokuja kifuani mwako kabla hujausikia masikioni, kama lori lililo kwenye gia ya kwanza linapanda mlima. Hujikojolea kwenye vumbi, hulala humo na kugaagaa, halafu huinuka na kujikung'uta, wingu likapanda. Mjomba alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Vijana wa ngoma! Wanajipaka kwanza."

Wiki hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, ndiyo wiki ambayo mamia ya maelfu ya waendesha pikipiki hukusanyika katika mji wa Sturgis, kaskazini mwa milima hiyo, na wengi wao huja kuzunguka hifadhini. Magari yakasimama, pikipiki zikasimama, kundi likavuka. Mbele yetu mwanamume mmoja akazima pikipiki yake, akashuka, akatoa simu. Dume lilikuwa limesimama na jike lake kando ya barabara, hatua kumi na tano hivi. Akapiga picha. Akasogea. Akapiga nyingine. Niliona tu mtu na mnyama aliyetulia. Mjomba aliona kitu kingine, kwani alishaanza kusema peke yake, kwa sauti ya chini: "Anamwambia. Anamwambia. Anamwambia mara ya pili."

Nikatazama mkia. Ulikuwa umeacha kupunga. Dume aliinamisha kichwa, akakinyanyua, akakwaruza ardhi kwa kwato. Kisha mkia ukainuka, ukajipinda juu kama ndoano.

Mjomba akateremsha kioo chote, akatoa kichwa nje na kupaza sauti ile ya kuitia watu ng'ambo ya mto: "Rudi! Rudi nyuma wewe!"

Yule bwana bila shaka hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini sauti ya mchungaji haina lugha. Aligeuka kututazama, na kugeuka kule kulimfanya arudi hatua mbili tatu, akawa na pikipiki yake katikati. Dume alikuja. Sikuona alivyoanza, niliona tu kwamba amekwisha kufika. Alisimama ghafla umbali wa mita mbili kutoka kwenye pikipiki, vumbi likampita mbele. Akapuliza pua mara moja. Akageuka kulirudia jike lake, mkia ukashuka, akaendelea kusimama kama vile hakikutokea kitu chochote. Yule bwana aliketi chini kwenye lami. Hakuna aliyepiga honi. Baada ya muda alitutazama akaweka mkono kifuani, na mjomba naye akaweka mkono kifuani.

Ameonywa mara tatu, mzee alinieleza baadaye: mkia kuacha nzi, kichwa kushuka na kupanda, kwato. Mnyama aliyekusudia kuua hapotezi muda kuonya. "Mbogo wa kwetu akishajeruhiwa haonyi. Huyu ni muungwana, ila uungwana wake una mwisho."

Nimeyawaza sana maneno hayo, maana takwimu zinasema jambo lile lile. Katika hifadhi ya taifa ya Yellowstone, ambako wako dubu wakubwa na mbwa mwitu ambao kila mgeni anawaogopa, mnyama aliyejeruhi watu wengi zaidi waendao kwa miguu ni baisani. Kati ya mwaka 2000 na 2015 walijeruhiwa watu 25, na karibu nusu yao walikuwa wakipiga picha. Sheria ya pale ni kukaa mita 23 au zaidi. Kwa dubu na mbwa mwitu ni mita 91, na nadhani tofauti hiyo ya namba nayo inamfanya mtu aamini kwamba baisani ni mnyama wa kusogelewa. Dubu ana meno, kila mtu anaelewa meno. Huyu anakula majani na kutazama mbali, watu wakamchukua kama ng'ombe wa maonyesho. Wala hata ng'ombe wa mtu usiyemjua husogelei hivyo. Mtoto yeyote wa Meatu anajua.

Kuna kisa kingine cha Yellowstone ambacho nilimsimulia mjomba usiku huo na nikajuta. Mei mwaka 2016 wageni walimkuta ndama mchanga wa baisani, wakadhani anasikia baridi, wakamtia kwenye gari lao na kumpeleka kwa askari wa hifadhi. Ndama wa baisani huzaliwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, husimama ndani ya muda mfupi, na huzaliwa majira ya kuchipua katika nchi ambayo mwezi Mei bado inaweza kuanguka theluji. Baridi anaijua. Askari walijaribu kumrudisha kundini mara kadhaa, kundi likamkataa. Akabaki akifuata watu na magari barabarani, mwisho ikabidi auawe. Mjomba hakusema neno kwa muda. Aliuliza tu kama mama yake alikuwa bado yuko karibu walipomchukua. Sikujua la kumjibu.

Kuhusu baridi nina ushahidi wangu mwenyewe. Januari moja nilikuwa njiani karibu na mji mdogo wa Wall, upepo unasukuma tela kama mkono wa mtu, theluji inakwenda kulala barabarani kama moshi. Upande mmoja wa barabara kulikuwa na ng'ombe wa ranchi. Wote walikuwa wameupa upepo mgongo na wamesukumwa hadi kwenye uzio, wamesongamana pembeni, wanazidi kusongamana. Mbele kidogo, ranchi nyingine, walikuwepo baisani kama thelathini. Wao walikuwa wamegeuza nyuso kuelekea upepo unakotoka. Wamesimama tu, vichwa chini, theluji imelala mgongoni bila kuyeyuka, kwa kuwa manyoya yao ni mazito hivi kwamba joto la mwili halitoki nje kuiyeyusha. Nilipunguza mwendo nikawatazama kwa muda ambao mwajiri wangu asingeufurahia.

Oktoba 2013, kabla sijafika nchi hii, dhoruba ilipiga magharibi ya South Dakota mapema kuliko kawaida. Mvua ilitangulia ikawalowesha ng'ombe ambao manyoya ya baridi hayajaota, kisha theluji ikafuata. Wakaenda na upepo, wakaangukia kwenye makorongo na nyua. Makumi ya maelfu ya ng'ombe walikufa kwa siku chache. Nimeendesha na watu waliozaliwa huko, wakitaja juma lile sauti zao hubadilika. Mjomba alisikiliza hadithi hiyo kwa uso wa mtu aliyefiwa. Alitaka kujua waliokufa walikuwa wa watu wangapi.

Jioni tulikaa nje ya kibanda tulichopanga, nje kidogo ya hifadhi. Akaniuliza swali nililolitarajia tangu asubuhi. "Hawa elfu ndio wote?"

Nikamweleza. Zamani walikuwa kati ya milioni 30 na 60, kutoka Kanada karibu kufika Meksiko. Walakota, wenye nchi hii, waliishi nao kama yeye anavyoishi na ng'ombe: nyama ya kukausha, ngozi za hema na nguo, kano za nyuzi, kinyesi kilichokauka cha kuwashia moto pasipo miti. Reli ilipokamilika kuvuka bara mwaka 1869, na miaka miwili baadaye ikapatikana njia ya kuilainisha ngozi ile ikafaa kwa mikanda ya mitambo ya viwanda, wawindaji wakamiminika. Waliua, wakachuna, wakaiacha nyama ioze. Mifupa nayo ikaokotwa baadaye kusagwa kuwa mbolea. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki pungufu ya 1,000 katika bara zima. Katika Yellowstone, kufikia mwaka 1902, walibaki kama dazeni mbili.

"Sotoka?" aliuliza. Babu yake aliiona sotoka ya miaka ya 1890, ile iliyofagia ng'ombe wa Usukuma na Umasaini pamoja na mbogo wa porini, na habari zake bado zinasimuliwa nyumbani kwetu kama msiba wa juzi.

"Hapana mjomba. Bunduki."

Alirudia neno hilo kama anayelionja. "Sotoka ni ugonjwa. Ulikuja, hauna macho. Hawa waliokuwa na macho, hawakuona wanapungua?"

Waliona, mjomba. Wengine ndicho walichotaka. Kulikuwa na wakuu wa jeshi waliosema wazi kwamba mnyama akiisha, Mhindi Mwekundu, kama walivyomwita, atakaa anapoambiwa. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwapa Walakota milima ile ile tuliyokuwa tumekaa chini yake, na haki ya kuwinda nje ya mipaka yao maadamu wanyama hao wapo kwa wingi wa kutosha kuwindwa. Haki ya watu ikafungwa kwenye hesabu ya mnyama, na mnyama akamalizwa. Milima yenyewe ikachukuliwa mwaka 1877, baada ya dhahabu kuonekana katika msafara wa mwaka 1874 ulioongozwa na afisa aitwaye Custer, ambaye jina lake ndilo liko kwenye bango la hifadhi. Mwaka 1980 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikubali kwamba ulikuwa uporaji na ikaamuru fidia. Walakota wamekataa kuzipokea hela hizo hadi leo. Wanataka milima.

"Wana akili," mjomba alisema.

Waliookoa mbegu walikuwa wachache: baadhi ya watu wa makabila wenyewe, wafugaji wawili watatu waliokamata ndama, bustani ya wanyama ya Bronx huko New York iliyotuma baisani 15 Oklahoma mwaka 1907 na wengine 14 mwaka 1913 hapa jirani, kwenye hifadhi ya Wind Cave. Kundi la Custer lilianza mwaka 1914 kwa wanyama 36 tu walionunuliwa kwa mfugaji mmoja wa jimbo hili. Tangu mwaka 1992 makabila yana baraza lao, makao yake Rapid City, linalorudisha baisani kwenye ardhi zao, na wanachama wake wamepita makabila 80. Mwaka 2016 baisani akatangazwa kuwa mamalia wa taifa la Marekani. Yale ya mwisho niliyapitisha haraka, maana mzee alikuwa bado yuko kwenye bunduki.

Asubuhi tulisimama kwenye maegesho penye misonobari, hakuna mnyama karibu. Gome la mti mmoja lilikuwa limelainika kimo cha kifua kwa kukunwa na mabega, na kwenye ufa lilining'inia fumba la manyoya ya kahawia, laini kama pamba. Mjomba alilishika kwa vidole viwili, akalisugua, akalinusa muda mrefu. Akaniletea puani. Kisha akalirudisha kwenye ufa ule ule.

Usiku saa tatu aliniomba nimpigie mwanawe simu. Meatu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilisikia majogoo, na nyuma yao ng'ombe wakilia zizini. Mzee hakuanza na ndege wala barabara za Marekani. Alimweleza kijana kwamba ameona ng'ombe aliyebeba jembe mgongoni, anayegeukia upepo, mwenye kuonya mara tatu. Alimweleza mkia, akaonyesha kwa mkono wake gizani, ingawa mwenziwe hakuweza kumwona. Kijana aliuliza kitu. "Hapana," akamjibu, "hawachungwi na mtu. Haya, fungua zizi, jua linapanda. Na yule mtamba mweupe umtazame mguu."